Fagio Anashusha Mikono

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi sauti mkongwe wa studio yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kuinua maiki juu ya vichwa vya watu. Hapa kazini na huko mitaani anajulikana kwa jina la Fagio, na kwa kuwa mwenyewe analiitikia, nami nitalitumia. Alipewa kwa dhihaka. Leo nataka lisomwe kwa heshima, na atakayeona heshima imezidi aje tubishane baada ya hafla.

Kwa wasioijua kazi yake, ni hii. Waigizaji wanapozungumza, mtu mmoja husimama nje ya picha ameinua fimbo ndefu, na kwenye ncha ya fimbo kuna maiki iliyovishwa manyoya. Ikikaa mbali, sauti inapotea. Ikisogea mno, inaingia kwenye picha na kila mtu anaiona. Fagio ameishi katika nafasi hiyo nyembamba tangu ujana wake, na asije mtu akamwita mpole. Amegombana na kila feni na kila friji katika jengo hili. Amewavua waigizaji bangili. Aliwahi kumtoa meneja nje ya seti kwa sababu viatu vyake vilikuwa vinalia, na meneja akarudi pekupeku. Siku moja alisimamisha tukio la harusi akidai kuna tumbo linanguruma, akazunguka na hedfoni zake kutoka mtu hadi mtu kama daktari, akaishia mbele ya mwongozaji. "Nenda ukale," akamwambia. "Sisi tutakungoja."

Karibu mafundi sauti wote tulionao wamepita mikononi mwake. Filamu zetu zilizopata tuzo, masikio yaliyozilinda ni yake. Lakini nchi nzima haimjui kwa hayo. Inamjua kwa Kitanda cha Mwisho.

Wapo wasomi siku hizi wanaotaka kutushawishi kwamba Kitanda cha Mwisho ni kazi nzuri iliyoeleweka vibaya. Sikubaliani nao. Ni filamu mbovu, mbovu kwa moyo wote. Mvua inanyesha upande mmoja wa barabara kwa sababu bomba la maji lilikuwa moja. Pazia la hospitali ndilo pazia la kituo cha polisi. Marehemu anajikuna pua. Mwongozaji, ambaye pia alipiga picha mwenyewe, aliitwa Bwana Tosha, kwa kuwa mkanda wa filamu ulikuwa ghali na kila tukio lilipigwa mara moja tu, kisha akasema, "Inatosha." Filamu ilikusudiwa kuwaliza watu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na wanacheka hadi leo kila inaporudiwa kwenye televisheni.

Kilele cha kicheko ni tukio la kifo. Mama amelala kitandani, watoto wamemzunguka. Anasema, "Msinililie. Fungueni dirisha." Basi hapo, kutoka juu, kitu chenye manyoya kinashuka taratibu hadi karibu na uso wake, kama fagio la kuondolea utando wa buibui. Katika ukumbi wa kwanza kuonyesha filamu ile, mtu mmoja alipaza sauti kutoka viti vya nyuma, "Fagia, mama asife na vumbi!" Tangu siku hiyo fundi sauti wetu hakuwa na jina jingine.

Aliyeigiza mama yule tulimwita Mama Sauti. Kabla ya filamu alikuwa bingwa wa michezo ya redio, na watu waliacha vyombo bila kuoshwa ili wamsikilize. Baada ya Kitanda cha Mwisho hakuigiza tena, na mwaka haukuisha akafariki. Watu wakajitungia sababu. Wakasema aibu ya filamu ndiyo iliyommaliza, na wenye ndimi kali zaidi wakasema mtu mmoja aliyesinzia na fimbo mkononi alimharibia kazi yake ya mwisho.

Binti yake aliyasikia hayo akiwa mtoto. Alikua, akawa fundi wa mavazi, na akaajiriwa hapa hapa. Miaka yote hiyo alimwamkia Fagio kwa adabu bila kumtazama, na Fagio akiingia kwenye chumba cha chai yeye alikumbuka kazi mahali pengine. Sote tuliona. Fagio aliitikia salamu, akanyamaza. Mtu anayegombana na friji alishindwa kumjibu mshonaji mmoja, na hatukujua kwa nini.

Mwaka jana studio ikaamua kutengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu namna Kitanda cha Mwisho kilivyotengenezwa. Sikuona ubaya. Watu wasioweza kujicheka wenyewe ni hatari, na sisi tulikuwa na mengi ya kuchekwa. Katika mswada, fundi sauti analala amesimama na fimbo inamponyoka. Fagio aliusoma wote, akaurudisha mezani, akasema, "Sawa. Andikeni mnavyotaka." Akakubali na kurekodi sauti ya filamu hiyo, maana yake asimame akishika maiki huku mtu mwingine akimwigiza yeye kuwa mzembe.

Tulipofika tukio la kifo, mwongozaji wa sasa, binti mmoja mwenye macho makali, alitaka lifanane kabisa na la zamani. Akaweka skrini kando ya kitanda ili tukio la asili lionekane tena na tena. Mchekeshaji aliyemwigiza Fagio alifumba macho, akakoroma, akaiachia fimbo. Haikufanana. Akarudia, haikufanana. Akasimama mbele ya skrini mikono kiunoni.

"Mwongozaji, hii haichezeki," akasema. "Fimbo ya mtu aliyelala inaanguka. Hii haianguki. Inashuka."

"Si ni kitu kilekile?"

"Si kilekile. Tazama. Mama anageuza kichwa kulia, maiki nayo inaenda kulia. Anatulia, inatulia. Sasa anasema 'dirisha', inazidi kushuka. Mzembe gani anafuata mdomo wa mtu hivi? Mzee wangu, we' ulikuwa macho."

Fagio alikuwa anapangusa hedfoni kwa pindo la shati, na akaendelea kuzipangusa.

Fundi wa mavazi alikuwa amepiga magoti pale kitandani akirekebisha gauni la mwigizaji, pini mdomoni. Alizitoa moja moja. Akaomba tukio lirudiwe, na safari hii sauti iongezwe. Nilikuwepo. Tulichosikia si sauti ile ya redio. Ilikuwa pumzi yenye maneno ndani yake.

"Mama alikuwa anaumwa," akasema. "Siku ile alituambia anaenda kumtembelea shangazi. Alikuja hapa?"

Fagio akazitundika hedfoni shingoni.

"Baba, nakuuliza."

"Alinikataza nisikwambie," akasema Fagio. "Alisema utakua ukiamini kazi ndiyo iliyomuua. Nikaahidi. Lakini hakukataza uone mwenyewe."

Ni yule binti wa Mama Sauti aliyemruhusu kueleza yaliyobaki, naye akaeleza akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha maigizo. Siku ile sauti ya Mama Sauti ilikuwa imekwisha. Kutoka pale maiki ilipopaswa kukaa, hakikusikika kitu. Mkanda uliosalia ulitosha mara moja tu. Kabla kamera haijawashwa alimvuta Fagio mkono, akamwambia, "Shusha, mwanangu. Wacheke wakitaka, lakini wanisikie." Akashusha. Bwana Tosha aliyaona manyoya yakiingia kwenye picha, akaendelea kupiga, na mwisho akasema neno lake lilelile. Siri hiyo naye alikufa nayo.

Dirisha lenyewe, kwa taarifa yenu, lilikuwa limechorwa ukutani. Nimesema filamu ilikuwa mbovu.

Wapo wenzetu waliotaka tuache mswada ulivyo, wakihofia ukweli utaua kicheko. Nilibishana nao na sijamaliza. Kicheko kinachohitaji uongo juu ya mtu aliye hai, ukikitazama vizuri, ni matusi yaliyovaa vizuri. Bahati nzuri mchekeshaji aligoma kulala tena, na mswada ukabadilika.

Usiku wa uzinduzi ukumbi ulijaa. Maiki ilipoanza kushuka, watu wakapiga kelele kwa pamoja, "Fagia!", wakacheka kama wazazi wao walivyocheka. Filamu ikawaacha wacheke. Kisha ikaondoa muziki, ikaweka sauti ya asili peke yake, na Mama Sauti akaomba afunguliwe dirisha. Sijawahi kusikia ukumbi mkubwa ukinyamaza namna ile. Fagio na fundi wa mavazi walikaa viti vya jirani. Yeye alikuwa amemshika mzee mkono wa kulia, ule wenye bega linalouma tangu zamani, na hakuuachia mpaka taa zilipowashwa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kazi, kwa ukali, na kwa kubeba jina ambalo hukustahili mpaka tukajua maana yake. Tunakuombea siku ndefu nyumbani, bega lipone, wajukuu wapige kelele wapendavyo, na usione haja ya kumnyamazisha yeyote.

Shusha mikono sasa, Fagio. Tumemsikia.