Bibi Sikitu Hapigiwi Kasia

Treni ilipoondoka Ifakara, Febronia alianza rozari yake, lakini kidole kikaganda kwenye punje ya tatu. Kiti cha mbele, kijana Lukelo alikuwa anamsomea mzee Nickolaus riwaya aliyoandika kuhusu marehemu bibi yake mzee huyo, Bibi Sikitu, aliyeokoa watu wa Mofu kwa mtumbwi mwaka wa mafuriko. Bila ridhaa ya mzee, mjukuu wa bibi huyo, Lukelo hachapishi.

"Bibi yangu hakutoroka ndoa!" mzee alifoka.

"Ujana wake haujulikani, babu, nimebuni. Halafu mimi mtani wenu, nina ruhusa."

"Mtani anatania msibani, tunacheka, yanaisha. Kitabu kitasomwa na vitukuu! Na huyu mvuvi ni nani?"

"Ndiye aliyemvusha akitoroka."

Mzee akavua miwani. "Sikitu apigiwe kasia na mwanamume? Futa! Angepiga mwenyewe."

"Kumbe alitoroka?"

"Lete kalamu!"

Febronia akabana midomo, maana kumcheka mzee huku umeshika rozari si vizuri. Treni ikasimama Mngeta.

"Sijakubali!" mzee akasema, akashuka na karatasi zote, na kalamu ya Lukelo.