Marehemu Baba Yetu, Aliyeitwa Hesabu

Ndugu na majirani, wasifu uliochapishwa kwenye ratiba mliyoshika umeandikwa na baba mdogo, naye ameutia sukari kupita kiasi. Huu unaosomwa sasa umeandikwa na binti wa marehemu, mtoto wake wa tatu, yule aliyemuuguza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa nne wa fundi seremala, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alisoma kuanzia mwaka 1954 hadi 1961. Walimu walimsifu kwa hesabu, wenzake wakamkumbuka kwa kuwachongea.

Tarehe 2 Januari 1967 aliajiriwa kuwa askari wa gereza kuu, lile la mawe, lililokuwa kuukuu hata kabla hajazaliwa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu wafungwa asubuhi na jioni. Hesabu isipotimia, hakuna lango lililofunguliwa wala mtu aliyekwenda nyumbani, hata awe mkuu wa gereza. Ndipo akapewa jina la Hesabu. Alijivunia wafungwa wake mashuhuri kama mwenye hoteli anavyojivunia wageni: mhariri aliyeandika kitabu kizima kwenye karatasi za sabuni, na mwizi wa benki aliyeitwa Kambare kwa kuwaponyoka polisi mara tatu. "Kwangu hakuponyoka," alisema marehemu, na wanawe wakalisikia hilo mpaka likawachosha.

Tarehe 12 Septemba 1970 alimwoa mama yao, fundi cherehani, wakajaliwa watoto sita. Nao walihesabiwa. Kila jioni walisimama ukutani kabla ya kula, kila mtu akitaja namba yake. Siku moja kitinda mimba alisinzia ndani ya kapu la nguo za wateja, hesabu ikaishia tano, chakula kikapoa watu wakipekua mpaka uvunguni. Alipopatikana, marehemu alicheka hadi akakaa chini, kisha akambeba mgongoni akizunguka naye nyumba nzima. Naam, alijua kucheka, na hilo asinyimwe.

Mwaka 1990 mwanawe mkubwa, kijana wa miaka kumi na tisa, alikamatwa na mfuko wa karatasi za kuisema serikali. Alifungwa miaka sita, akaletwa gereza lile lile, jengo lile lile la baba yake. Marehemu angeweza kuomba ahamishiwe jengo jingine. Hakuomba! "Mia nne kumi na saba, simama!" ndivyo alivyomwita mwanawe kila asubuhi. Wenzake aliwaambia ana watoto watano.

Mama aliuliza, "Mwanangu amekula leo?"

"Wafungwa wote wamekula."

Miaka sita, jibu hilo hilo. Kijana alipotoka hakukaribishwa hata kukaa, akaenda zake.

Marehemu alistaafu mwaka 2001. Novemba 2017 alipigwa na kiharusi. Kitandani aliwahesabu wanawe kwa kidole, akifika watano anaanza upya.

"Mia nne kumi na saba hayupo," alisema. "Fungeni lango!"

"Baba, mwite kwa jina lake," binti alimwambia.

Aligeukia ukutani. Alifariki tarehe 9 Juni 2019, saa nne asubuhi, jina hilo hakulitamka.

Ratiba yenu imeandikwa watoto watano. "Yaliyopita si ndwele," baba mdogo alimwambia binti jana, "usituaibishe." Aibu ipo, baba mdogo, lakini si ya binti huyu. Kwa sheria ya marehemu mwenyewe, hesabu isipotimia hakuna anayeondoka. Basi jeneza lisubiri.

Marehemu ameacha mjane, wajukuu tisa, na watoto: kitinda mimba yupo, wa tano yupo, wa nne yupo, wa tatu ndiye anayesoma, wa pili yupo. Na wa kwanza ni yule aliyesimama kule nyuma getini, kwa sababu hakuna aliyemwambia aingie.

Kaka, njoo usimame mbele yetu, mahali pako.

Sita. Baba, hesabu imetimia. Sasa unaweza kupumzika.