Maziwa ya Ato Zenebe na Vituko Vingine vya Weyzero Asnakech

Mwisho wa mwezi wa Sene, mvua kubwa zikianza, bibi yetu Weyzero Asnakech Gebeyehu anatuacha, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha baiokemia katika chuo chetu cha uuguzi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike mazuri yake tu. Nimejitahidi, ila mengi ya mazuri hayo yalimtia mtu fulani hasira.

Alifika huku Shewa, Ethiopia, akiwa binti mwembamba mwenye koti la kuazima, akakabidhiwa somo ambalo hakuna mwanafunzi aliyelipenda. Wao walitaka kujifunza kuchoma sindano. Yeye akaja na habari za molekuli. Wakasinzia wiki nzima. Wiki iliyofuata akawatoa uwanjani kwenye baridi, akawapanga mstari, akawashikanisha mikono.

"Kila mmoja wenu ni glukosi," akawaambia. "Mkishikana hivi ndio wanga. Mimi sasa ni mate."

Akapita katikati yao na kandambili, akiwachapa viganja mpaka mstari mrefu ukabaki watu wawili wawili. Kijana mmoja akalalamika, "Mwalimu, kwani wewe huchoki?"

"Kimeng'enya cha mate hakichoki, mwanangu. Kikimaliza kukata hapa kinahamia pale." Akamhamia yeye.

Protini alizifundishia kantini, tena bila kualikwa. Akikuona unakula injera, mkate wetu mwembamba wa shayiri, kwa pilipili peke yake, anavuta kiti. "Mwili unajenga, wewe unauletea tofali la aina moja! Weka shiro hapo. Ile asidi amino iliyo haba kwenye nafaka imejaa kwenye kunde." Wengi wetu tulijifunza kula mchuzi huo wa shiro ili tu tuachwe tule kwa amani.

Lakini siwezi kumuaga bila kusimulia habari ya maziwa.

Mkuu wa chuo wa wakati ule, Ato Demissew, hayupo nasi leo. Yu hai, msishtuke. Ni kwamba hakualikwa. Shemeji yake, Ato Zenebe, ndiye aliyeuza maziwa kwa wodi ya watoto wenye utapiamlo katika hospitali tunayopakana nayo. Asubuhi moja muuguzi wa wodi hiyo, Sista Mulumebet, aliingia maabara akiwa amekunja uso.

"Asnakech, watoto wangu wanakunywa mpaka wanalamba vikombe. Lakini miguu bado imevimba, nywele zinanyonyoka, na hakuna hata mmoja anayecheka. Sielewi."

"Niletee kikombe kimoja."

Akayachemsha, akayaacha yapoe, akadondosha iodini, dawa inayogeuka bluu ikikutana na wanga. Maziwa yakageuka bluu nzito kama wino. Wote wawili wakayatazama.

"Haya, mama," Asnakech akasema, "ng'ombe gani huyu anayetoa unga kwenye chuchu?"

Mtu alikuwa akiongeza maji, kisha akiyatia unga yaonekane mazito. Watoto waliokosa protini walikuwa wakinyweshwa uji mwepesi wenye jina la maziwa.

Akaenda kwa mkuu. Ato Demissew hakumwacha amalize. "Weyzero, usiniletee maneno ya sokoni. Zenebe namjua."

"Mimi simsemi Zenebe, bwana mkuu. Nayasema maziwa."

"Ukiendelea nitaomba uhamishiwe jangwani, ukawafundishe ngamia."

Hapo alirudi maabara. Alikuwa na watoto wawili wadogo, na mama yake mzee alikuwa hawezi kutoka kitandani. Siku kadhaa alifundisha vipindi vyake bila kutaja maziwa, nasi tukadhani amekubali yaishe. Hatukuwa tumemjua bado.

Ikaja siku ya wageni kutoka idara ya afya ya mkoa. Mkuu alipenda sana kuwaonyesha maabara, na shemeji yake alikuja naye akiwa na suti mpya. Asnakech alikuwa amepanga mezani kiazi, injera, ute wa yai na gilasi ya maziwa. Akawaomba wageni wadondoshe iodini wenyewe. Kiazi kikageuka bluu, injera ikageuka bluu, ute wa yai ukabaki na rangi ya kahawia ya dawa yenyewe. Wageni wakafurahi kama watoto.

"Sasa maziwa," akasema kwa sauti tamu. "Maziwa yana protini, yana mafuta, yana sukari yake. Wanga hayana. Haya yametoka wodini leo asubuhi, na aliyetuletea tunaye hapa. Ato Zenebe, heshima ni yako."

Ato Zenebe akatabasamu, akadondosha. Gilasi nzima ikawa bluu.

"Gilasi chafu hiyo!" akafoka.

Asnakech akatoa gilasi nyingine. "Haya ni ya jirani yangu." Akadondosha, yakawa manjano hafifu, basi. "Ng'ombe wake hajui kupika uji."

Mgeni mkubwa hakucheka. "Haya ya bluu wanapewa nani?"

"Watoto, bwana," Sista Mulumebet akajibu kutoka mlangoni. "Wale waliovimba miguu."

Ato Zenebe hakuleta tena maziwa hata debe moja. Akina mama wa mtaani wakachukua kazi hiyo, na baada ya muda mtoto mmoja aliyekuwa kimya kama gogo akampiga Sista teke la tumbo. Sista alikuja mbio kututangazia, akilia na kucheka.

Ngamia hawakumpata mwalimu wao, lakini mkuu alimlipiza kwa kumpa vipindi vyote vya Ijumaa alasiri. Asnakech akavitumia kufundisha mafuta: akajipaka siagi kichwani, akakaa juani mbele ya darasa, akawaeleza kwa nini siagi inaganda kwa baridi yetu na mafuta ya mbegu za nug hayagandi, huku siagi ikimchuruzika mpaka shingoni. Hakuna aliyesinzia.

Juzi, kwenye kahawa, nilimwona akitia vijiko vitatu vya sukari, ilhali daktari amemkataza. Nikamwambia, "Dada, wewe wa kufanya hivyo? Si unajua inakwenda kufanya nini humo ndani?"

"Najua hatua kwa hatua," akanijibu, akikoroga. "Kujua ilikuwa kazi yangu, na kazi nimestaafu."

Asante kwa yote, Weyzero Asnakech. Mungu akujalie umri mrefu na asubuhi za kulala utakavyo. Daktari wako tutamtuliza sisi.