Nilitubu Dhambi Isiyo Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Homa Bay! Asifiwe tena, maana nimefika hapa mbele kwa woga. Mnisamehe nikienda mbio. Mimi nikiogopa huzungumza haraka.

Naitwa Min Achieng, yaani mama yake Achieng, natoka karibu na Kendu Bay. Mume wangu alifanya kazi kule migodini Macalder, akarudi nyumbani na homa, akafa wiki hiyo hiyo. Matanga yalipoisha, shemeji yangu Okelo akasema ni zamu yake kunirithi niwe mke wake, kama desturi yetu ilivyo. Mimi nilikuwa nimeokoka. Nikakataa. Ndugu zangu, mnajua mjane wa kwetu akikataa kurithiwa anavyotazamwa! Nyumba yangu ilivuja, na hakuna mwanamume aliyekubali kuiezeka.

Mtu mmoja tu alisimama nami. Alikuwa shemasi wetu, Elisha, ambaye sote tulimwita Pastor ingawa alikuwa bado anangoja kuwekewa mikono awe kasisi. Alimwendea Okelo mchana kweupe, akamwambia aniache. Kisha akaleta nyasi na kupanda mwenyewe juu ya paa langu. Nami nikawa namfulia kanzu zake za ibada, nikizipiga pasi ya makaa kila Jumamosi.

Sasa, Pastor Elisha alikuwa amepita miaka thelathini na hakuwa na mke. Kwetu hilo ni swali ambalo kila mtu anajiona ana haki ya kuliuliza. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikamwuliza siku moja nilipompelekea kanzu. Aliitundika kanzu msumarini. Kisha akaniambia kwamba moyo wake haujawahi kumtaka mwanamke. Kwamba chuoni alimpenda mwanamume mwenzake, wakaachana. Na kwamba tangu avae kola ya ushemasi anaishi peke yake, akimwomba Mungu amshike mkono.

"Min Achieng," akasema, "hujanicheka. Basi uniombee."

Nilimwombea. Na nilinyamaza mwaka mzima. Mimi, mwaka mzima!

Ndipo Okelo akaanza kusema sokoni kwamba Pastor ndiye aliyenirithi, kwamba hakupanda paa lile bure. Maneno yakaenea mpaka kwenye ushirika wetu wa Alhamisi. Dada zangu katika Kristo wakawa wananisalimu kwa ncha za vidole. Niliumia, ndugu zangu. Nilikuwa nimepoteza mume, nimepoteza ukoo, na sasa niliona kanisa nalo linaniponyoka.

Mnaujua ushirika wa sisi tuliookoka. Mtu anasimama, anaiweka dhambi yake nuruni, wenzake wanamwimbia sifa, anakaa akiwa mwepesi. Alhamisi moja, Pastor akiwa amekwenda kuhubiri kwingine, nikasimama. Nikasema, "Ndugu, natubu. Nimeficha dhambi." Kisha nikawaeleza yote ya Pastor Elisha, sikubakiza hata neno. Nililia. Nilipiga magoti. Wakaniimbia! Wakanikumbatia kwa mikono miwili, maana sasa ilijulikana kwamba mtu yule hakuwa na haja nami. Jina langu likasafika pale pale, na mimi nilikuwa nimetubu dhambi ya mtu mwingine.

Wepesi wangu ulidumu muda wa kuchemsha chai. Jumapili wazee wa kanisa wakatangaza baraza baada ya wiki tatu, na shahidi ni mimi.

Wiki tatu hizo simtakii hata Okelo. Nilikuwa nabandika maji ya ugali, nasahau unga, yanakauka jikoni. Nikisikia kengele ya baiskeli njiani, nadhani ni yeye anakuja kuniuliza kwa nini. Na alikuja kweli, Jumamosi, kuchukua kanzu. Hakuniuliza neno. Alisema, "Ero kamano, mama," akinishukuru kama siku zote, akaikunja kanzu, akaenda. Afadhali angenitukana!

Nikawa nafikiri: nikirudia maneno yale barazani, atavuliwa kola. Nikiyakana, nimesema uongo mbele za Mungu, na uvumi wa Okelo utarudi mlangoni pangu. Niliomba mchana na jioni, nikasikia sauti yangu tu.

Siku ya baraza ikafika. Pastor Elisha alikaa pembeni, mikono juu ya magoti. Mzee Zakaria, kiongozi wa wazee, alizungumza kwa uchungu. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya; alilipenda kanisa. "Mtu wa namna hii atashikaje kikombe cha Bwana?" akauliza. "Tutawaambia nini watoto wetu?"

Mwalimu Yohana wa shule yetu akainuka. "Amemkosea nani hapa? Tuna wazee wenye nyumba na mke wa pili huko Migori, na tunawapa viti vya mbele. Mzee, mimi naona tunachagua dhambi za kuchukia."

Kelele zikazuka. Wengine wakafungua Biblia huku, wengine kule. Mwisho Mzee Zakaria akanigeukia, akasema, "Mama, rudia yale uliyotubu."

Hapo ndipo Bwana aliponishika, ndugu zangu! Nilifungua mdomo, na yaliyotoka sikuwa nimeyapanga. Nikasema, "Mzee, mimi sikutubu. Nilichongea. Mtu aliniomba nimwombee, nami nikamtoa mbele za watu ili waache kunisema. Katika jambo hili dhambi niliyoiona kwa macho yangu ni moja, nayo ni yangu."

Safari hii hakuna aliyeimba.

Pastor Elisha akasimama. Akasema waliyoyasikia kwangu ni kweli na hatayakana ili apewe ukasisi. Basi wakamvua kola, wakamwambia aketi na waumini mpaka wakubwa wa kanisa waamue. Hawajaamua mpaka leo. Wengine wanasema arudishwe, wengine wanasema asikaribie madhabahu kamwe, na mimi sikusomea mambo hayo. Mimi nawaeleza ya Jumapili iliyofuata.

Kwetu kanisani wanaume huketi kulia, wanawake kushoto. Pastor Elisha aliingia na shati la kawaida, akaketi kati ya wanaume. Mmoja akahamia benchi la mbele. Mwingine akamfuata. Kabla wimbo haujaisha alibaki peke yake kwenye benchi zima. Nilimtazama mgongo wake. Okelo alikuwepo, na dada wote wa Alhamisi. Nilijua nikienda kwake, yale yote niliyomuuza ili niyakwepe yatanirudia mbele ya macho yao.

Nikasimama. Nikavuka katikati ya kanisa, nikaketi karibu naye. Hata mhubiri alisahau alipofika.

"Min Achieng," Pastor akaninong'oneza, "watakusema."

"Wacha waseme, Pastor."

Ndugu zangu, woga ukanitoka! Ule woga wa macho ya watu, ulionifunga mpaka nikamtoa ndugu yangu, Yesu aliukata siku ile! Walinisema? Walinisema, na bado wanasema. Lakini nalala, nakula, na nikiomba najua kuna anayesikia. Namshukuru Mungu aliyenisamehe, na namshukuru mtu niliyemuuza, kwa kuwa alinisamehe kabla sijapata maneno ya kumwomba.

Leo sikusimama hapa bila ruhusa yake. Nilimwomba, akakubali, na amekuja nami. Ni yule aliyeketi kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Kama wewe pia unawaogopa watu, mtumaini Bwana leo, uinuke. Benchi lile bado lina nafasi.