Risala ya Wanafunzi wa Kiebrania Kuhusu Mtihani Alioukosa Muzdalifa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Ufadhili wa Masomo, walimu wetu, nanyi ndugu wafanyabiashara mliotoka mtaa wa Sanyuanli kuja kutusikiliza:

Sisi wanafunzi saba tunaosoma historia na utamaduni wa Wayahudi pamoja na lugha ya Kiebrania, tunakukaribisha Guangzhou kwa heshima. Tulishauriwa risala iwe tamu. Itakuwa ya kweli.

TULIKOTOKA

Tulipochaguliwa miaka mitatu iliyopita, nyumbani tulichekwa. Waliuliza tunakwenda China kusoma mambo ya Wayahudi ili iweje, na wengine walidhani tumebadili dini. Hakuna aliyebadili. Waislamu wanaswali, Wakristo wanasali, na darasani sote tunasoma kutoka kulia kwenda kushoto.

TULIYOYAPATA

Tumeandaa kamusi ndogo ya Kiebrania kwa Kiswahili, yenye maneno elfu mbili. Aliyeongoza kazi hiyo ni Muzdalifa, wa kwanza darasani miaka miwili mfululizo, anayeandika tasnifu kuhusu Wayahudi waliohamia mji wa Kaifeng, hapahapa China, karne nyingi zilizopita na kuvitunza vitabu vyao ugenini.

LILILOTUUMA

Mwezi Juni ujumbe wa ofisi yako ulifika hapa kikazi. Asubuhi ya mtihani wa mazungumzo wa Kiebrania, afisa mmoja alimpigia simu Muzdalifa aende soko la nguo la Shisanhang kuwatafsiria wajumbe waliokuwa wakinunua nguo. Muzdalifa alimwamkia, akamweleza kwamba ana mtihani saa nne.

Afisa akajibu: "Marahaba, binti. Mtihani haukimbii. Sisi ndege yetu ni kesho."

Alikwenda, kwa kuwa hakulelewa kuwakatalia wakubwa. Mtihani ukakimbia. Agosti, ofisi ileile ikamwandikia kwamba ufadhili wake umesitishwa kwa kutohudhuria mtihani bila sababu.

Mheshimiwa, sababu ilirudi nyumbani na mabegi manne.

Sisi tuliosoma shule za bweni tulifundishwa kwamba kiranja akimtuma mwanafunzi wakati wa kipindi, anayeadhibiwa ni kiranja. Hatukutarajia kuikuta ofisi ya elimu ikiachwa nyuma na bweni kwa haki.

TUNACHOOMBA

Hatuombi fedha wala kompyuta. Chuo kimekubali Muzdalifa arudie mtihani, mradi ofisi iliyomwita ithibitishe hivyo kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Tumeiandikia ofisi yako mara tatu bila kujibiwa. Leo ni Jumatano.

Aidha, ratiba yako inaonyesha kwamba saa nane mchana wanafunzi watakusindikiza Shisanhang. Saa nane tuna kipindi cha Kiebrania. Hatutakwenda. Bwana Haidar, mfanyabiashara aliyeketi hapa mbele, amejitolea kukupeleka, na bei anazijua kutuzidi.

Barua ya uthibitisho tumekwisha kuichapa. Imo ndani ya jalada utakalokabidhiwa, chini ya risala hii. Haijakosa neno, imekosa saini yako. Atakayekukabidhi jalada ni Muzdalifa mwenyewe, na kalamu anayo.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwa watu wako, na aujalie mkono wako wepesi katika haki.

Ni sisi, Wanafunzi Saba wa Kiebrania, Guangzhou.

Imesomwa kwa niaba yao na Lusajo, Katibu.