Ulimi wa Tarumbeta

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka lililofungwa zamani, kati ya kibanda changu cha kushonea viatu na karakana ya fundi redio. Huyo fundi tunamwita Dokta, kwa sababu huitegea redio sikio kwanza ndipo aifungue. Ng'ambo ya uchochoro ana kiti chake kinyozi mmoja, Wakili, ambaye hajawahi kukubali jambo lolote mara ya kwanza, hata ukimwambia mvua inanyesha na yeye amelowa. Wa nne wetu ni Tarumbeta, mnadi wa nguo za mitumba. Huyu alikuwa akipanda juu ya meza yake kila asubuhi, akipaza sauti mpaka wenye maduka ya simu wakazima muziki wao kwa kukata tamaa. Muuza kahawa alikuwa akipita na birika lake, tunakunywa, tunabishana, tunarudi kazini. Sasa asubuhi ile kahawa ilikuja, vikombe vikajaa, na soko lilikuwa kimya.

— Leo mnadi wetu kapotelea wapi? Wakili akauliza.

— Huyo hapo anakuja, nikasema. Ila anatembea kama kaibiwa.

Tarumbeta akaja akakaa pembeni ya benchi. Muuza kahawa akamnyooshea kikombe, mwenzetu akakisukuma pembeni taratibu.

— Nimetoka hospitali, akasema. Kile kidonda changu cha ulimi. Walikata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa. Leo nimepewa majibu.

— Si ni jino lile lililovunjika linakukwaruza? Dokta akasema. Tulishakwambia sukutua kwa maji ya chumvi.

— Nimesukutua mpaka chumvi nyumbani imeisha. Ni saratani.

Muuza kahawa, aliyekuwa anamimina, akaendelea kumimina mpaka kahawa ikafurika na kumwagikia viatu vyake. Wala hakushtuka. Mimi nilikuwa na sindano mkononi na soli mapajani, nikajikuta nimeidunga sindano kwenye kidole changu. Nilihisi maumivu baadaye sana.

— Saratani ya nini? Wakili akauliza, kama hajasikia.

— Ya ulimi.

— Ulimi haushikwi na saratani bwana! Saratani ni ya matiti, ya tumbo, ya huko ndani. Ulimi uko nje nje, unapigwa upepo siku nzima. Wako wewe hasa!

— Hata mimi nilimwambia daktari hivyo hivyo.

— Akasemaje?

— Akaniambia nitoe ulimi nje, akanionyesha kwenye kioo.

Wakili akajirudi upesi.

— Basi wamekosea kichupa. Hospitalini vichupa vinafanana. Kinyama chako kimepewa mtu mwingine, na yeye sasa hivi yuko kwake anashangilia kwa majibu yako. Rudi ukapimwe upya.

— Wamepima mara mbili.

— Basi wamekosea mara mbili!

Dokta akatikisa kichwa. Alikuwa ameshashusha miwani yake puani, dalili kwamba nadharia iko njiani.

— Sikiliza. Simu unaiweka sikio gani?

— La kushoto.

— Kidonda kiko upande gani?

— Kushoto.

— Umeona! Na lile jino lako la kushoto lilizibwa kwa madini. Mawimbi ya simu yanaingia sikioni, yanatafuta chuma, yanalikuta jino. Jino linakuwa antena. Sasa antena ikiwa ndani ya maji, maji yanachemka. Ulimi wako umechemshwa, ndugu yangu. Polepole, miaka yote hii.

— Na mimi ninayeongea na simu kutwa nzima mbona sijachemka? Wakili akamkatiza. Acha redio zako. Huu ni mkono wa mtu. Yule mnadi wa safu ya pili, yule wa suruali, tangu mwaka jana ana sauti. Zamani alikuwa anakohoa tu. Ameipata wapi? Sauti haiuzwi dukani. Kuna mtu kapungukiwa na kuna mtu kaongezewa.

— Kwa hiyo saratani yangu iko kwenye sauti ya muuza suruali? Tarumbeta akauliza.

— Sijasema hivyo. Nimesema fikiri.

— Ni kahawa, Dokta akarudi kivingine. Anaimeza ikiwa bado inatokota.

Muuza kahawa akalishika birika lake kwa mikono miwili, kama mtu anayemfunika mtoto masikio.

— Kahawa yangu? Marehemu baba yangu aliinywa mpaka akapoteza meno yote, na ulimi akazikwa nao mzima!

Tukacheka. Tarumbeta naye alijaribu kucheka, upande mmoja wa uso tu, kisha akashika taya. Hapo cheko likatukauka.

— Daktari hakuniuliza habari za kahawa, akasema. Wala simu. Aliniuliza kama natafuna tumbaku. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza, unaiweka upande gani? Nikamwambia huku, kushoto, chini ya ulimi. Akachukua kalamu, akaandika.

Wakili alikuwa na tonge la tumbaku shavuni wakati ule ule. Niliona shavu limesimama. Dokta naye alikuwa nayo. Na mimi. Kikopo cha tumbaku cha Wakili kilikuwa palepale katikati ya benchi, kiko wazi, kama kila siku. Nilitema kwenye mtaro taratibu, nikijifanya nakohoa. Dokta alitoka kabisa, akaingia karakanani kwake, tukasikia anasukutua. Wakili peke yake hakutema. Alikaa na lile tonge mdomoni, macho yametoka, kama mtu aliyeshikishwa kitu cha moto akakosa pa kukiweka.

— Na sasa wanataka nini? nikauliza.

— Wanataka kukata. Upande huu wote wa ulimi. Tena wapasue shingo hapa, watoe tezi, kwa sababu huwa ugonjwa unashukia huko. Halafu wachune kipande cha ngozi na nyama hapa mkononi, wazibe pale palipokatwa. Baada ya hapo mionzi.

— Mkono uwekwe mdomoni? Wakili akapata sauti, na tonge likamtoka. Mkono! Una vinyweleo! Utakula vipi?

— Bwana, nimekuja hapa nina hofu yangu ya kutosha.

— Utaongea? Dokta akauliza akiwa mlangoni, maji yanamtiririka kidevuni.

— Anasema nitaongea, lakini si kama zamani. Kuna mtu wa kunifundisha upya, kama mtoto. Nikamuuliza, nitanadi? Akaniuliza kunadi ni nini. Nikasimama mle chumbani nikamnadia koti lake. Nesi akachungulia mlangoni. Daktari akanitazama muda mrefu, akasema, sitaki kukudanganya.

Alipolisema hilo alitazama chini. Huyu mtu watoto wake wamesoma kwa koo lile. Mkewe alimpata kwa koo lile, alimnadia gauni akamsifu mpaka akalinunua, na siku ya pili akarudi bila haja ya gauni.

— Na ukikataa? nikauliza.

— Kinakua. Anasema kwa sasa ni kidogo, nafasi ya kupona ni nzuri ingawa hawezi kuniahidi. Nikichelewa, hata kukata hakutafaa.

— Wanakutisha tu, Wakili akasema, ingawa sauti ilikuwa imepungua. Hawa wana wanafunzi. Wanafunzi wanahitaji ndimi za kujifunzia. Ulimi kama wako, uliofanya kazi, watauweka kwenye chupa wauonyeshe wageni.

— Usikatwe, Dokta akasema. Shemeji yangu alikuwa na uvimbe hapa shingoni, wakataka kumpasua, akakataa. Akaenda kwa mzee mmoja wa mizizi. Anakupa unga mweusi, unapaka asubuhi na jioni. Uvimbe ulinywea wote!

— Yuko wapi siku hizi shemeji yako?

Dokta akafuta kidevu.

— Alifariki. Lakini si kwa ugonjwa ule.

— Alifariki kwa nini?

— Alishindwa kupumua.

Hapo kila mtu akaanza kusema kwa pamoja. Wakili anataka apelekwe nchi nyingine, huko kuna mashine ya kuchoma bila kukata. Dokta anasema unga ule ulikosewa kipimo tu. Muuza kahawa anasema asali na kitunguu. Mimi nami sikubaki nyuma, nikashika bango kwamba ling'olewe jino kwanza, tuone. Nilikuwa naligonga benchi kwa nyundo kabisa. Ukipita mbali ungesema tunagombana. Tulikuwa tunaogopa.

Katikati ya kelele hizo akatokea mkewe. Ni mpishi wa shule ile ya msingi nyuma ya soko, na hakuwa amevua aproni. Vidole vilikuwa vyeupe kwa unga. Tulimfahamu kwa kusalimiana njiani, lakini kijiweni petu hakuwahi kuja.

— Shemeji, habari za kazi, tukasema karibu wote.

Alitupita tu. Alisimama mbele ya mumewe.

— Nesi amenipigia simu, akasema. Kaniuliza kama tumeshaamua kuhusu upasuaji. Nikamwambia amekosea namba. Akanitajia jina lako.

Tarumbeta akainuka nusu, akakaa tena.

— Ni kweli?

Akaitikia kwa kichwa. Yule mama akashika nguzo ya kibanda changu. Unga ukabaki pale, alama ya vidole vinne. Nilidhani ataanguka, nikainuka, lakini hakuanguka. Alikuwa anapumua tu kama aliyepanda mlima.

— Umewaambia hawa kabla yangu.

— Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia, mama. Huko nyumbani ningeanzia wapi?

— Shemeji, usihofu, Wakili akadakia. Jambo hili tunalo mikononi. Tumelijadili kwa kina. Kuna suala la vichupa, kuna yule muuza suruali, kuna unga mweusi, kuna mashine ya nje, na kuna hoja ya jino. Tunakaribia kufikia mwafaka.

Alimsikiliza Wakili mpaka mwisho. Kisha akatutazama mmoja mmoja, bila hasira, na hilo ndilo lililotutia baridi zaidi.

— Na yeye anataka nini?

Nikamtazama Dokta. Dokta akamtazama Wakili. Wakili akakitazama kikombe chake, akakigeuza, akakigeuza tena.

— Nawauliza nyinyi shemeji zangu. Mmekaa naye tangu asubuhi. Amewaambia anataka nini?

Tulikuwa tumegawana ulimi wa mtu asubuhi nzima, huyu kachukua huku, yule kachukua kule, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenye ulimi. Muuza kahawa akainamisha birika atupe cha kufanya. Likatoa matone mawili na machicha.

Ikabidi ajibu mwenyewe. Nilikuwa namjua Tarumbeta miaka mingi, na sikuwahi kumsikia akiongea kwa sauti ile, ndogo, ya chumbani.

— Naogopa, akasema. Naogopa kuamka pale kitandani nikute nimekuwa bubu. Watu wawe wananicheka nikiomba chumvi. Nilitaka kukataa. Nilitoka pale kwa daktari nimeshakataa kabisa. Halafu kwenye foleni kulikuwa na mzee mmoja ameshika kitambaa mdomoni, hawezi kumeza hata mate yake. Mwanawe akaniambia, baba alisema atafikiri kwanza. Akafikiri mwaka mzima.

Akakisugua kidonda kwenye lile jino lililovunjika, kama anavyofanya, akakunja uso.

— Nataka kuishi. Hata kama ni kwa nusu ulimi. Hicho ndicho ninachotaka.

— Basi inuka twende, mkewe akasema.

— Leo? Wamesema wiki ijayo.

— Twende leo. Ukawaambie ndiyo wakati ulimi wa kuisemea hiyo ndiyo ungali nao.

Wakaondoka wakipita katikati ya meza za nguo, mama mbele na aproni yake, yeye nyuma. Wanadi wengine walimwita kwa utani, hawajui, nao walishangaa hakuwajibu. Wakili alikiokota kikopo chake cha tumbaku, akakifunga, akakaa nacho mkononi. Nilishona kiatu cha watu soli ikiwa kinyume, nikafumua, nikarudia, nikakosea tena.

Walimkata. Tulikwenda kumwona akiwa na mpira shingoni wa kupumulia, uso umevimba, mkono umefungwa bandeji, na Wakili alitoka nje ya wodi akakaa kwenye ngazi mpaka tulipomaliza. Kisha ikaja mionzi, iliyomchoma koo akawa hanywi ila uji mwepesi kwa mrija. Kuna siku mkewe alituambia amesema hataki tena, arudishwe nyumbani akafe. Amesema vipi, tukauliza. Kwa mkono, akajibu, na mimi nikajifanya sijamwelewa.

Alimaliza. Daktari bado humwita kila baada ya muda, anachungulia kinywani, anamminya shingo, anasema mpaka sasa pako safi, na wao wawili wanarudi wakiwa wamechoka kama waliobeba mizigo.

Siku ya kwanza aliporudi kijiweni alikuwa amekonda, kola imempwaya. Alikuja na mkewe. Sisi tukamrukia kwa maneno, kama kawaida yetu. Wakili akaanza, Dokta akamkatiza, mimi nikawakatiza wote. Tarumbeta akanyoosha mkono wenye kovu. Tukanyamaza. Akameza mate, akatafuta mahali pa kuuweka ulimi, akapakosa, akatafuta tena. Neno lilipotoka lilikuwa zito, limepinda, kama linavutwa kutoka kwenye tope, lakini kila mmoja wetu alilisikia.

— Sogeeni, akasema. Mke wangu akae.

Tukasogea.