Keziah Nafula, Aliyekataa Kutubia Pipa

Keziah Nafula alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kimilili, kifungua mimba wa marehemu Solomon Wekesa na Mama Serah. Alisoma hadi kidato cha pili mwaka 1996, karo ikamshinda baba. Ulimi wake haukuhitaji karo.

Mwaka 1999 aliolewa na Japheth Wafula, fundi baiskeli. Walijaliwa Hezron na Valary kabla Japheth hajafariki mwaka 2011.

Mwaka 2014 alikwenda Riyadh kufanya kazi ya nyumbani. Sheria zilipolegea kule, wanawake wakaruhusiwa kuendesha gari na madam wake, yaani mwajiri wake, akashika usukani mwenyewe, Keziah naye alidai Ijumaa yake ya mapumziko, akawa anawaongoza Wakenya wenzake kutembea katika bonde la Wadi Hanifa.

Julai 2019 familia ya madam ilikwenda naye likizo Scotland, katika mji mdogo unaoishi kwa kutengeneza wiski. Kazi yake ilikuwa watoto: kuvua samaki mtoni, kuendesha baiskeli kwenye njia ya reli ya zamani, kupanda kilima kutazama maporomoko. Kiwandani hawakuingia, baba wa familia ile, Mwislamu, hakutaka hata harufu ya pombe. Ila langoni palikuwa na pipa tupu la wiski la wageni kukalia, na madam akampiga picha amelikalia, amempakata mtoto. Kwa furaha ya mtu aliyefika mbali, Keziah akaituma kwa chama cha akina mama wa kanisa letu.

Wakamwondoa chamani, wakidai amekunywa pombe. Wakataka atubu mbele ya kanisa ndipo arudishiwe sare. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, na wengi wenu mliusikia: "Sikuonja. Nilikalia pipa. Anayetaka toba akalitubishe pipa."

Februari 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi mjini Jeddah, familia ilikokuwa imehamia. Alirudi, akatibiwa Eldoret. Wiki ya mwisho mwenyekiti wa chama alikuja kitandani: aseme neno moja tu la toba, nao watabeba jeneza lake wakiwa na sare zao. Iliuma, maana sare ile aliipenda mno. Akasema polepole, "Dada, nikitubu nitakuwa nimemdanganya Mungu, na Alhamisi naenda kuonana naye."

Alikosea kwa siku moja. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023.

Ameacha mama, watoto wawili, mdogo wake Asumpta na mjukuu mmoja. Chama kimesema hakitambeba. Sawa. Atabebwa na watoto wake na wanawake wanne waliotembea naye Riyadh, na mlio mlangoni tunaomba mpishe. Nafula, lala kwa amani; hukuikopa kwa mtu.